Sanduku la Saba mjini Arusha: tathmini ya mtafutaji mmoja

Siku ya Saba Saba, ofisi zikiwa zimefungwa na mji wa Arusha ukiwa umejifunika ukungu wake wa Julai, nilimchukua mpwa wangu wa kidato cha tatu tukaenda kutafuta sanduku lililofichwa na mtu tusiyemjua, tukiongozwa na simu, daftari la hesabu na vidokezo vinne vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Sanduku hilo limejengwa juu ya namba moja tu, yaani saba, pamoja na kumbukumbu za kihistoria zilizojikusanya kwenye namba hiyo katika mji huu. Tulilipata. Hata hivyo, tulilipata baada ya kuzunguka pasipo sababu kwa karibu saa nzima kwa kosa ambalo halikuwa letu, na ndiyo maana nimeona niandike tathmini hii kwa kirefu kidogo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu, ambao sisi tunauita jiokashi, taratibu zake ni nyepesi. Mtu huficha chombo mahali pa wazi kwa umma, hutangaza namba za latitudo na longitudo za mahali hapo, na wengine hukitafuta kwa GPS, huandika majina yao katika daftari lililomo, kisha hukirudisha palepale kilipokuwa. Hairuhusiwi kukizika ardhini wala kuweka chakula ndani yake. Mchezo ulianza mwaka 2000 kwa sababu inayojulikana wazi: hadi tarehe 1 Mei mwaka huo, Serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kipokezi kikaweza kumpotosha mtumiaji kwa mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulipoondolewa, usahihi ukaongezeka mara moja, na tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake ili wengine waitafute. Tarehe hizo zina uzito wake kwa sanduku ninalolitathmini, kwa maana miezi miwili tu baadaye, tarehe 7 Julai 2000, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ulianza kutumika, na makao yake makuu yako hapa Arusha. Mfichaji ameliona jambo hilo na kulitumia vizuri.

Safari inaanzia Mnara wa Saa, na kituo hiki cha kwanza kwa maoni yangu ndicho kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote. Kidokezo kinakutaka usimame mbele ya mnara saa saba mchana, uitazame namba inayoelekewa na mkono mfupi, uilinganishe na namba ambayo ulimi wako mwenyewe umeitamka, kisha uichukue tofauti yake. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili atacheka, kwa kuwa tofauti hiyo ameibeba kichwani tangu utotoni bila kuihesabu. Mgeni atahangaika. Hajui kwamba sisi tunaianza siku linapochomoza jua, na kwamba katika nchi iliyo jirani na ikweta, ambako wakati wa mawio hausogei hata kwa saa nzima kutoka Januari hadi Desemba, huo ni utaratibu wenye mantiki kuliko kuanza kuhesabu usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Mpwa wangu, ambaye simu yake inasoma 13:00, alihitaji muda kidogo kuliko nilivyotarajia kabla ya kukubali kwamba namba zote mbili ni za kweli kwa wakati uleule.

Nikiruhusiwa kutoka nje ya njia kidogo, kidokezo hicho kingeweza kwenda mbali zaidi. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Arusha iko karibu na digrii 36 na dakika 41; kila digrii ni dakika nne za mwendo wa jua, kwa hiyo jua letu hufika utosini takribani nusu saa baada ya saa sita kamili. Anayesimama pale Mnara wa Saa saa saba mchana huwa bado yuko karibu sana na adhuhuri ya kweli. Kwa kuwa mtafutaji tayari ameishika longitudo mkononi, swali la kivuli lingekuwa limekuja mahali pake. Ni kweli kwamba siku tuliyokwenda sisi hapakuwa na kivuli cha mtu yeyote, kwa jinsi mawingu yalivyokuwa yametanda.

Ninampongeza mfichaji pia kwa alichokiacha. Kila mtalii anayepigwa picha mbele ya mnara ule husimuliwa kwamba amesimama katikati ya njia kutoka Cape Town hadi Cairo. Hadithi hiyo haimo katika vidokezo, na sanduku halikupungukiwa na chochote.

Kituo cha pili ni mnara wa Azimio, ule wenye mwenge, jirani na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Kutoka Mnara wa Saa tulipandisha Barabara ya Boma, tukakata kushoto kuifuata Barabara ya Makongoro, na kwa mwendo wa kijana anayetazama simu huku akitembea tukatumia kama dakika ishirini. Hapa ndipo saba zinapozidi kuwa nyingi. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na saba mbili za tarehe hiyo ndizo zilizoipa sikukuu jina lake. Azimio la Arusha ni la mwaka 1967. Mwaka 1977, TANU na Afro-Shiraz ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na siku iliyochaguliwa ilikuwa 5 Februari, miaka kumi kamili baada ya Azimio kutangazwa. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Kuzipanga tarehe hizi nne mbele ya mnara, kwa mtoto aliyezisoma darasani kama orodha ya kukariri, kulikuwa na faida ambayo sikuitegemea: alianza kuuliza ni nini kilichosababisha nini.

Kasoro kubwa ya sanduku hili, kwa bahati mbaya, iko papo hapo. Kidokezo kinasema: chukua tarehe ambayo Azimio lilipitishwa hapa Arusha, uijumlishe kwenye tarakimu tatu za mwisho za longitudo. Mfichaji alikusudia tano. Lakini tarehe 5 Februari 1967 ni siku Azimio lilipotangazwa kwa wananchi, na lilitangazwa Dar es Salaam. Hapa Arusha, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, na ni tarehe 29 ndipo ilipolipitisha. Kila mtu anayeijua historia hiyo vizuri, au anayeingia kwanza makumbusho kusoma kabla ya kupiga hesabu kama tulivyofanya sisi, ataandika 29. Aliyebakiwa na kumbukumbu ya sherehe za shule peke yake ataandika 5 na kufika salama. Fumbo linalomwadhibu aliyesoma zaidi limekosewa, hata kama mwandishi wake alikuwa na nia njema.

Adhabu yenyewe inaweza kupimwa. Namba za mchezo huu huandikwa kwa digrii, dakika na sehemu za elfu za dakika, na sehemu moja ya elfu, katika eneo letu hili, ni mita 1.85 hivi. Tofauti kati ya 29 na 5 ni 24, kwa hiyo tulijikuta mita 44 mashariki ya mahali tulipotakiwa kuwa. Ingekuwa kilomita nne tungeshtuka mapema, tukarudia hesabu. Mita 44 ni umbali mbaya kuliko huo, kwa sababu kila kitu kinaonekana kuwa sawa: mandhari ni yaleyale, mawe ni yaleyale, na mtu anaamini kwamba tatizo ni macho yake. Tuliinua mawe, tukachungulia nyuma ya mizizi, tukaizunguka nguzo moja ya umeme mara nne, hadi mama mmoja aliyekuwa amepanga ndizi zake kando ya njia aliposhindwa kuvumilia.

“Baba, mmepoteza nini hapo?”

Nilimwamkia, nikamweleza kwa kifupi. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha kuisikia habari hiyo, kisha akasema, “Wenzenu nao walikuja, wakazungukazunguka hivyohivyo, wakaondoka bila kuniaga.” Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nizirudie namba, kwani watu wasiofahamiana wakikosea mahali pamoja, kosa huwa limeandikwa kwenye karatasi. Tulinunua ndizi zake, tukampa shukrani, tukaiweka tano mahali pa ishirini na tisa. Nilifanya hivyo shingo upande.

Nimekimbilia mwisho wa safari kabla ya kukitaja kituo cha tatu, nacho kinastahili kutajwa kwa heshima. Kiko nje ya uzio wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako mtafutaji hahitaji kuingia wala kumsumbua askari, kwa kuwa kila kinachotakiwa kinapatikana kwa kufikiri. Jumuiya ya kwanza ilitokana na mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ikaanza tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, na ikafa mwaka 1977. Kwa wenye kupenda saba, huo ni umri wa miaka kumi uliowekwa kati ya saba mbili. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, lakini tarehe ambayo ulianza kuwa na nguvu, kama nilivyokwisha kusema, ilikuwa saba ya mwezi wa saba. Kidokezo kinauliza jina la nchi ya saba kujiunga.

Swali hilo ni zuri kwa sababu haliozi. Angeuliza nchi iliyojiunga mwisho, angelazimika kulibadilisha kila mkataba mpya unapowekwa saini, na Somalia ilipokamilisha kujiunga mwaka 2024 fumbo lingekuwa limeharibika. Nchi ya saba haibadiliki. Mpwa wangu alileta pingamizi lililonifurahisha: Rwanda na Burundi zilijiunga kwa pamoja mwaka 2007, sasa nani atasema ipi ni ya nne na ipi ni ya tano? Nikamwambia ahesabu mbele badala ya kugombania katikati. Zilikuwa tatu, zikawa tano, Sudan Kusini ikaja mwaka 2016, na anayefuata baada ya hapo anajulikana bila ubishi. Mfichaji alipaswa, labda, kutahadharisha kwamba jina la nchi hiyo liandikwe kwa kifupi, kwa kuwa hesabu inategemea idadi ya herufi, na jina rasmi ni refu kuliko subira ya watu wengi.

Mpangilio wa njia ndio unaonisumbua hapa. Makao ya Jumuiya yako upande wa mashariki wa mji, si mbali na Boma la zamani la Wajerumani ambalo tulikuwa tumelipita muda mfupi uliotangulia tukielekea magharibi. Kwa maneno mengine, mtafutaji anarudishwa kwa miguu alikotoka. Ninafahamu kwamba mfichaji amefuata mtiririko wa miaka, lakini vidokezo havitegemeani kwa kiasi hicho, na kituo cha tatu kingeweza kutangulizwa bila kuharibu chochote. Mzee mwenye magoti ya umri wangu atatambua tofauti. Kijana atalalamika kidogo na kununua soda.

Kituo cha nne ni sanduku lenyewe, na mahali lilipo sitapataja, isipokuwa kusema kwamba ni ndani ya kilomita tatu kutoka Mnara wa Saa, kwamba pana majani na maji jirani, na kwamba viatu vya kufungwa ni bora kuliko kandambili. Ni kopo la plastiki gumu, lenye kifuniko cha kubana na mpira wake, limefungwa kwa kufuli dogo la tarakimu. Masika yalikuwa yamekwisha kupita, na bado daftari lililokuwa ndani ya mfuko wake lilikuwa kavu kabisa. Si jambo dogo. Nimefungua makopo mengi katika mikoa hii ya kaskazini ambayo ndani yake nilikuta uji wa karatasi.

Tarakimu moja ya kufuli inatokana na swali linalosomeka kirahisi mno: siku ya saba ya juma ni ipi? Mpwa wangu akasema Jumapili, kwa sababu kalenda ya shule inaanza Jumatatu. Nikamkumbusha kwamba jirani zake Wasabato, ambao jina lao limetokana na siku hiyo, watamwambia bila kusita kwamba ni Jumamosi. Majibu hayo yote mawili, herufi zikihesabiwa, yanatoa namba moja, na namba hiyo haifungui. Jibu limekaa ndani ya lugha: Jumamosi ni juma la mosi, Jumapili ni la pili, na anayeendelea kuhesabu kwa utaratibu huo anafika mwenyewe kunakotakiwa, akipitia njiani ile ajabu ya Jumatano na Alhamisi, siku mbili zinazofuatana ambazo zote zinaitwa ya tano, moja kwa Kiswahili cha Kibantu na nyingine kwa Kiarabu. Nilisimama pale nimeshika kufuli huku nikitabasamu peke yangu. Kwa swali hilo pekee ningemsamehe mfichaji ndizi zote nilizonunua.

Halafu ukifungua, unakutana na karatasi iliyopakwa plastiki, yenye kichwa kinachoahidi kukueleza maana ya saba katika historia, na ndani yake mna maajabu saba ya dunia ya kale, vilima saba vya Roma, bahari saba na rangi saba za upinde wa mvua. Hakuna uongo ndani yake. Lakini mtu aliyekuwa ameandika vidokezo vinne vilivyotoka ndani ya mji huu na ndani ya lugha hii, ghafla amekwenda kuazima karatasi ambayo ingeweza kuwekwa katika kopo lolote, mahali popote duniani. Nilisikia kama nimekaribishwa pilau, na mwishoni nikaletewa biskuti za dukani.

Vitu vya kuweka mahali pake havikosekani. Neno saba lenyewe ni mgeni aliyepewa uraia: sita, saba na tisa tumezipata kutoka Kiarabu, ilhali nane na kumi ni zetu za tangu zamani. Kabla ya saba kulikuwa na mfungate, na kivuli chake kimebaki katika fungate, zile siku saba za maharusi baada ya harusi. Nilipomweleza mpwa wangu hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjomba, mimi nilidhani fungate ni kwenda Zanzibar.” Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni mmoja kati ya vilele saba vinavyohesabiwa kuwa virefu kuliko vyote katika kila bara, na wapandaji wengi wanaoufuata hupita katika mji huuhuu, karatasi haikuutaja. Na Mkenya atakayevuka Namanga kuja kulitafuta sanduku hili anayo Saba Saba yake tofauti, ile ya tarehe 7 Julai 1990, wananchi walipotaka kukusanyika Kamukunji, Nairobi, kudai mfumo wa vyama vingi. Siku moja, nchi mbili jirani, kumbukumbu mbili zisizofanana: kwa sanduku lililoanzia kwenye historia ya Jumuiya, mistari mitatu juu ya jambo hilo ingekuwa na thamani kuliko vilima vyote vya Roma.

Kuhusu kiwango cha ugumu, mfichaji amelipatia sanduku lake nyota mbili kati ya tano kwa fumbo na moja na nusu kwa njia. Njia ninaikubali, maana mtoto wa miaka kumi ataimudu, ingawa kiti cha magurudumu hakitafika kwenye kituo cha mwisho. Fumbo lingestahili nyota tatu kwa msemaji wa Kiswahili, na nne kwa mgeni anayetegemea programu ya kutafsiri, kwani programu itamwambia kwamba saba ni saba na kumwacha pale mbele ya mnara akishangaa moja. Muda unaotosha ni saa tatu, ukiondoa muda wa kuzunguka nguzo za umeme. Gharama yetu ilikuwa nauli ya kifodi kwenda na kurudi, kiingilio cha makumbusho na zile ndizi. Asiyependa kutazamwa na wapita njia asiende siku ya kazi; sikukuu mji hupumua, na watu wachache tu hukuuliza unachokitafuta.

Nilimwandikia mfichaji jioni ileile, nikamweleza habari ya 29 Januari na nikapendekeza aandike “lilipotangazwa” mahali pa “lilipopitishwa” na aliondoe jina la Arusha katika sentensi hiyo, ili tano yake ipate kusimama. Alijibu kwa adabu kwamba atalichunguza. Hadi ninapoandika hapa, kidokezo hakijabadilika, kwa hiyo atakayekwenda karibuni atumie tano, hata kama dhamiri yake inamwambia vingine. Achukue pia kalamu yake, kwa sababu iliyomo imekauka, na sisi tulilazimika kuazima ya yule mama wa ndizi na kurudi mita 44 kumpelekea.